Ukumbi Uliouza Kahawa Badala ya Pombe

Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano wa Wanachama



Nimeombwa na Halmashauri niseme maneno machache juu ya kumbi za mikutano, kwa kuwa katika mwaka huu wa kumi wa Chama chetu iko mbele yenu hoja ya ukumbi wetu wenyewe. Je, upande wa mbele wa jengo upangishwe kwa mwenye biashara ya pombe, ambaye kodi yake ingetusaidia kulipa deni la bati na saruji, au jengo liendelee kuwa kama lilivyo, bila kileo? Si kazi yangu kuwaamulieni. Kazi niliyopewa ni kuwasimulieni habari za ukumbi mmoja uliokabiliwa na swali hili hili kwa muda wa miaka mingi, ili mnapoinua mikono muwe mmekwisha kuona mahali wengine walipopata hasara na mahali walipopata faida. Ukumbi huo uko London, kusini ya mto Thames, nao hujulikana leo kwa jina la Old Vic. Aghalabu husifiwa kwa michezo yake ya kuigiza. Ni wachache wakumbukao kwamba zamani ulikuwa nyumba ya kahawa, na kwamba aliyeusimamisha alikuwa mwanamke mkusanyaji wa kodi za nyumba za maskini.

Lakini kabla ya kufika London hapana budi tupite Rochdale, maana hapo ndipo sisi watu wa ushirika tunapoanzia hesabu zetu. Kila mwanachama amepata kusikia habari za wale waasisi 28 waliofungua duka lao katika njia ya Toad Lane tarehe 21 Desemba 1844, wakiwa na unga, siagi, sukari na mishumaa michache. Jambo ambalo halisemwi mara nyingi ni kwamba katika madhumuni waliyoyaandika mwaka ule waliweka pia sharti la pombe. Waliandika kwamba watafungua duka, watajenga au kununua nyumba za wanachama, watatengeneza bidhaa, watapata mashamba. Kisha wakaongeza kwamba, kwa ajili ya kueneza kiasi katika unywaji, hoteli isiyouza vileo ifunguliwe katika mojawapo ya nyumba za chama mara itakapowezekana. Basi asije mtu akasema leo kwamba habari ya pombe ni ya makanisa na misikiti peke yake na haiwahusu watu wa mizani na stakabadhi. Imo katika karatasi yetu ya kwanza kabisa.

Kwa nini wafumaji maskini walijali jambo hili? Sababu ni kwamba katika miji ya viwanda ya wakati ule, mtu wa kazi hakuwa na mahali pa kukutana na wenzake ila nyumba ya pombe. Chama cha kuzikana kilipotaka chumba cha kuwekea sanduku na daftari, mwenye nyumba ya pombe alikitoa kwa furaha, kwa mapatano kwamba wajumbe watanunua vinywaji. Kodi ya chumba ililipwa kwa koo za wanachama. Sheria ya mwaka 1830 ililegeza zaidi mambo, maana mtu yeyote mwenye nyumba, akilipa ada ndogo ya leseni, aliweza kuuza bia, na maelfu ya nyumba za bia zikafunguliwa katika muda mfupi. Baya kuliko yote, waajiri wengi walilipa mishahara ndani ya nyumba hizo hizo. Watu waliwekwa wakisubiri chenji mpaka jioni, na kwa kuwa walikuwa wakisubiri, walikunywa kwa mkopo, na mkopo ulikatwa katika mshahara kabla haujafika mfukoni. Bunge la Uingereza liliwakataza waajiri wa migodi ya makaa ya mawe jambo hili mwaka 1842, na mwaka 1883 likawakataza waajiri karibu wote. Akina mama waliopo hapa, wanaojua siku ya malipo ya mazao huwaje, hawahitaji kuelezwa zaidi.

Miongoni mwa waliotangulia kushika njia ya kuacha pombe kabisa walikuwa watu wa Preston, mji wa viwanda vya pamba. Mnamo tarehe 1 Septemba 1832 watu saba, mmoja wao Joseph Livesey, waliweka saini ahadi ya kutokunywa kileo cha aina yoyote. Livesey alikuwa mfumaji wa chumba cha chini ya ardhi kabla ya kuwa muuza jibini, kwa hiyo alijua kusema na watu wa kazi. Alikuwa na hotuba yake juu ya kimea, akionyesha kwa hesabu jinsi shayiri inavyopoteza lishe yake inapogeuzwa kuwa bia, kisha akaitoa roho ya pombe katika ile bia na kuiwasha moto mbele ya wasikilizaji. Mikutano yao mikubwa waliifanyia katika jengo lililokuwa likitumiwa kupiganisha majogoo! Mahali pa kamari palikuwa pamekuwa mahali pa ahadi, na wasikilizaji waliketi kwenye ngazi zile zile walizokalia washangiliaji wa majogoo. Baada yao miji mingi ikajenga kumbi za watu wa kiasi. Leicester ulipata wake mwaka 1853, na huko ndiko alikokuwa Thomas Cook, ambaye safari yake ya kwanza ya garimoshi, mwaka 1841, ilikuwa ya kuwapeleka watu wa chama cha kiasi mkutanoni Loughborough. Biashara ya utalii, inayoleta wageni hata hapa kwetu, ilipata mmoja wa waanzilishi wake katika watu waliokataa bia.

Sasa tuje London. Emma Cons alizaliwa mwaka 1838, katika nyumba ya fundi wa kazi ya piano. Alijifunza sanaa, akafanya kazi za mikono za ufundi, kisha akaingia katika kazi ya Octavia Hill ya kutengeneza nyumba mbovu za maskini na kuzisimamia. Mwenye kukusanya kodi kila juma huona mambo ambayo mhubiri haoni. Huona nyumba ambayo fedha ilikuwapo Jumamosi na Jumatatu haipo; huona mke mwenye jicho lililovimba; huona watoto wakitumwa kuweka shuka rehani. Emma Cons akatambua kwamba kutengeneza paa na ngazi hakutoshi, ikiwa wapangaji hawana mahali pengine pa kwenda jioni ila palipo na pombe.

Katika upande ule wa mji palikuwa na jumba kubwa la michezo lililofunguliwa mwaka 1818 kwa jina la Royal Coburg. Mwaka 1833 lilipewa jina la binti mfalme Victoria, na watu wa mitaani wakalifupisha wakaliita Vic. Lilikuwa na sifa ya makelele na ya michezo ya kutisha. Mwaka 1858 hofu ya moto iliwafanya watu wakanyagane, na watu 16 wakafa. Kufikia mwaka 1880 lilikuwa limeshindwa kujiendesha na kufungwa. Emma Cons na wenzake wakaunda kampuni, wakalipanga, wakalisafisha, na mwezi wa Desemba 1880 likafunguliwa tena kwa jina la Royal Victoria Coffee and Music Hall. Muziki ulikuwapo, vichekesho vilikuwapo, lakini maneno machafu yaliondolewa jukwaani, na kileo kikaondolewa katika jengo zima. Mahali pake iliwekwa kahawa.

Wanachama wenzangu, kabla ya mwaka kutimia fedha zilikuwa zimekwisha na kampuni ile ilikuwa imeshindwa.

Naomba tukae hapa kidogo, maana hapa ndipo penye faida kwetu. Kushindwa huko hakukutokana na uvivu wala wizi. Kulitokana na hesabu. Kumbi za muziki za London zilikuwa zimezaliwa katika nyumba za pombe, na faida yake ilitoka katika glasi. Tiketi iliweza kuwa rahisi, na mwimbaji mashuhuri aliweza kulipwa vizuri, kwa sababu mnywaji alikuwa akiilipia nafasi yake mara mbili, mlangoni na mezani. Ukiondoa bia, umeondoa nguzo iliyobeba dari. Emma Cons aliiondoa nguzo hiyo kwa nia njema, akatazamia kwamba kikombe cha kahawa kitabeba uzito ule ule. Hakikuweza.

Tena, na hili nalisema mbele ya wakulima wa kahawa, kahawa yenyewe haikuwa na sifa. Katika miaka ile nyumba za kahawa zilikuwa zimefunguliwa katika miji mingi ya Uingereza ili kushindana na nyumba za pombe, na lalamiko lililosikika daima lilikuwa moja, kwamba kinywaji ni chepesi, kimechemshwa mno, na chakula ni kibaya. Ilikuwa desturi kuchanganya kahawa na chikori, mzizi uliokaangwa na kusagwa, ambao hutoa rangi nyeusi bila kutoa kahawa. Wakati huo huo mashamba ya kahawa ya Ceylon, ambayo siku hizi huitwa Sri Lanka, yalikuwa yakiangamizwa na kutu ya majani, ugonjwa uliogunduliwa huko mwaka 1869 na ambao ninyi mnaujua kwa macho na kwa gharama ya dawa. Mtu aliyefanya kazi saa nyingi kiwandani, akipewa maji meusi na wimbo wa maadili, atarudi kwenye bia yake, wala sioni sababu ya kumlaumu. Waliofaulu baadaye walikuwa wafanyabiashara kama kampuni ya Lyons, iliyofungua duka lake la kwanza la chai London mwaka 1894. Hawakumhubiria mteja kitu. Walimpa chai nzuri, meza safi na bei aliyoimudu, na wanawake wakaweza kuketi humo bila kuonewa haya.

Emma Cons hakukata tamaa. Alimpata Samuel Morley, tajiri wa viwanda vya soksi na fulana, mbunge wa Bristol, mtu wa kiasi mwenyewe, naye akaingiza fedha na akaketi katika kamati. Ukumbi ukafunguliwa tena. Safari hii juma liligawanywa kwa busara zaidi: jioni nyingine ilikuwa ya vichekesho, nyingine ya nyimbo, nyingine ya mikutano ya watu wa kiasi. Na kuanzia mwaka 1882, Jumanne ilitengwa kwa hotuba za sayansi, kiingilio peni moja tu. Wataalamu walikuja kusema juu ya nyota, juu ya umeme, juu ya mambo ya miili yetu, huku wakionyesha picha kwa taa. Mtu angedhani kwamba wachukuzi na wafua vyuma wasingekuja kusikiliza habari za nyota baada ya kazi. Walikuja.

Kisha likatokea jambo ambalo hakuna aliyeliandika katika mpango. Baadhi ya wasikilizaji hawakuridhika na hotuba moja kwa juma. Wakaomba wafundishwe kwa utaratibu, wawe na vitabu na mazoezi. Mwaka 1885 madarasa ya jioni yakaanza katika vyumba vya nyuma ya jukwaa, vile vya waigizaji kuvalia nguo. Morley alifariki mwaka 1886. Fedha zikachangwa kwa kumbukumbu yake, jengo likanunuliwa, na mwaka 1889 madarasa yale yakawa chuo kamili cha wanaume na wanawake wa kazi, kikaitwa kwa jina lake. Hesabu ilifundishwa upande mmoja wa ukuta, na upande wa pili mtu alikuwa akifanya mazoezi ya tarumbeta. Baadaye mtungaji wa muziki Gustav Holst alifundisha katika chuo hicho, kuanzia mwaka 1907 hadi 1924. Hicho ndicho kilichozaliwa na peni moja ya Jumanne. Mwaka ule ule wa 1889 Emma Cons mwenyewe aliwekwa katika Baraza jipya la London, mmoja wa wanawake watatu wa kwanza, ijapokuwa wapinzani walikwenda mahakamani kuuliza kama mwanamke ana haki ya kuketi humo.

Mwaka 1891 jengo lilikuwa chini ya wadhamini, kwa sharti kwamba liwe la burudani na mafundisho kwa watu wa kipato kidogo na kwamba vileo visiuzwe humo. Ruzuku ya mfuko wa hisani wa jiji ikawa inaingia. Kwa hiyo, wanachama, msidanganywe na wale wasemao kwamba ukumbi usio na pombe hujilipia wenyewe. Huu haukujilipia kwa kahawa. Ulilipiwa na viingilio, na wafadhili, na ruzuku, na mishahara midogo ya watu walioupenda. Lakini pia msidanganywe na wale wasemao kwamba hauwezi kudumu. Ulidumu, kwa sababu gharama yake ilikwisha kukubaliwa waziwazi na watu waliojua wanalipia nini.

Mtaniwia radhi nikiacha historia kwa dakika moja. Mimi naona swali la kodi ya mfanyabiashara wa pombe limeandikwa nusu katika hoja yetu. Imeandikwa fedha itakayoingia katika daftari la Chama. Haikuandikwa fedha itakayotoka katika mifuko ya wanachama ili mfanyabiashara yule aweze kuilipa hiyo kodi na kubakiwa na faida. Mhasibu yeyote atawaambieni kwamba safu moja bila nyingine si hesabu. Na upande wa pili, wale wanaotaka jengo lisiwe na kileo, nami ni mmoja wao, wanapaswa kusimama na kusema deni la bati litalipwaje: kwa makato ya shilingi ngapi katika kila kilo, kwa muda gani, na ukumbi utafunguliwa jioni zipi na kwa kazi gani. Ukumbi uliofungwa kwa kufuli siku zote, ukifunguliwa mara moja kwa mwaka kwa mkutano mkuu, haumwachishi mtu pombe. Tena, lolote litakaloamuliwa, malipo ya mazao yasitolewe hatua chache kutoka penye meza ya bia.

Narudi London. Emma Cons alizeeka, akamwita mpwa wake, Lilian Baylis, aliyekuwa Afrika Kusini, aje kumsaidia. Naye akashika uendeshaji mwaka 1898. Mwaka 1912 shangazi alifariki. Baylis hakuwa msomi wala tajiri, lakini alikuwa na ukaidi wa kutosha watu kumi. Husimuliwa kwamba alikuwa akimwomba Mungu ampelekee waigizaji wazuri, tena wa bei nafuu, na kwamba alikuwa akikaanga soseji kando ya jukwaa huku mchezo ukiendelea, harufu ikiwafikia watazamaji. Mpaka wakati huo ukumbi haukuwa na leseni ya kuigiza michezo kamili. Walikuwa wakiimba vipande vya opera kama tamasha tu. Baylis aliipata leseni, na mwaka 1914 akaanza kuigiza Shakespeare, yule yule ambaye Mwalimu Nyerere alimfasiri kwa Kiswahili. Vita vikuu vilipowachukua wanaume, wanawake walivaa ndevu na panga wakaigiza nafasi zao. Kufikia mwaka 1923 ukumbi ulikuwa umekwisha kuigiza michezo yote iliyomo katika mkusanyo wa kwanza wa Shakespeare, jambo ambalo jumba lingine halikuwa limelifanya. Watazamaji wa mtaani waliyaona hayo yote kwa tiketi za bei ndogo.

Chuo cha Morley kilihamia jengo lake chenyewe katika miaka ile ile ya ishirini, kwa sababu wanafunzi na waigizaji walikuwa hawatoshani tena. Mwaka 1931 Baylis alifungua jumba la pili, Sadler's Wells, na kutoka katika kazi yake zikatokea jamii ya ngoma ya jukwaani inayoitwa leo Royal Ballet, na ile ya opera inayoitwa English National Opera. Alifariki mwaka 1937. Mabomu yaliliharibu jengo la Old Vic mwaka 1941, likafunguliwa tena mwaka 1950, na kuanzia mwaka 1963 mpaka 1976 likawa makao ya jamii ya Jumba la Taifa la michezo.

Nimewaambia kwamba sitawaficha kitu, kwa hiyo namaliza na hili. Jengo bado limesimama, na michezo ingali ikiigizwa humo. Chuo cha Morley kingali kikifundisha watu wazima, hatua chache kutoka pale. Lakini sharti la Emma Cons halikudumu. Mtu akienda Old Vic leo atauziwa kileo wakati wa mapumziko, pamoja na kahawa. Kuna watakaosema kwamba huo ni ushahidi dhidi yake, na kuna watakaosema kwamba alikuwa amekwisha kupata alichokitaka, yaani watoto wa wapangaji wake kuwa na mahali pengine pa kwenda. Bwana Mwenyekiti, maoni hayo mawili yote nayasikia tayari katika safu za nyuma. Naomba Bwana Katibu aisome hoja, pamoja na hesabu ya deni la bati kama ilivyokaguliwa.